Vyuma chakavu: faida iko kwenye kazi, si kwenye kilo

MKULIMA mwenye diski za plau zilizoisha, mnyororo wa baiskeli uliokatika na majembe yaliyobaki vipande huona taka tupu. Mnunuzi wa vyuma chakavu akipita na mkokoteni, huvipima kwa kilo na kulipa pesa za sukari na majani ya chai. Lakini fundi wa jua kali anayejua kuchomelea huona kitu kingine: diski ni kifua cha korongo, mnyororo ni shingo, meno ya uma ni vidole.

Kwamba sanamu kama hizo zina soko si jambo la kubahatisha. Msanii Kioko Mwitiki amejijengea jina ndani na nje ya Kenya kwa ndovu na wanyama wengine wa porini aliowaunda kwa vyuma vilivyotupwa.

Hata hivyo, atakayeingia katika kazi hii lazima ajue vyuma vyake vimetoka wapi. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na sehemu kubwa ya Kenya kubaki gizani, serikali ilidai minara hiyo ilihujumiwa na ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Wengi waliokuwa hawajaiba hata msumari walikosa riziki. Marufuku iliondolewa Mei mwaka huo, lakini masharti hayakuondoka. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inawataka wafanyabiashara wa bidhaa hiyo wawe na leseni na waweke kumbukumbu za wanachonunua.

Kipande cha mnara wa umeme au kifuniko cha mtaro hakiwi halali kwa kugeuzwa twiga. Fundi na aandike jina la aliyemuuzia, nambari ya kitambulisho, aina ya chuma na tarehe. Mkulima naye adai nakala yake.

Jambo la pili ni hesabu. Mafundi wengi huhesabu bei ya chuma pekee, wakasahau vijiti vya kuchomelea, umeme, rangi, usafiri na siku walizotumia. Sanamu iliyochukua siku tatu ikiuzwa kwa bei ya chuma na rangi tu, fundi amefanya kazi bure.

Usalama nao usipuuzwe. Pipa lililokuwa na mafuta au kemikali linaweza kulipuka likikatwa kwa moto, na moshi wa mabati ukichomelewa ni sumu. Sanamu ya bustani hunyeshewa, hivyo ipigwe msasa na rangi ya kuzuia kutu, la sivyo mteja hatarudi.

Kwa hivyo mkulima, kabla ya kuita mkokoteni, zungumza na fundi wa karibu. Mnaweza kuandikiana kwamba wewe unatoa chuma, yeye anatoa kazi, na mgawane sanamu ikishauzwa. Sehemu kubwa itamwendea fundi, na ni haki yake, lakini hata sehemu yako ndogo huenda ikazidi pesa za mizani.