Kabla ya Homa Bay, pitia kwa fundi

KANDO YA ZIWA
Na Beldina Ogweno

Fundi alinitazama, akaitazama baiskeli, akanitazama tena. "Nyar Seme," akasema, "hii umeazimwa na adui yako?"

Nilikuwa nimeikokota kutoka Milimani hadi soko la Kibuye, hapa Kisumu, nikiamini kilichopungua ni upepo tu kwenye tairi. Baiskeli ni ya shemeji yangu. Ina gia 21 na siti nyembamba kama wembe, na kwa miaka mitatu kazi yake imekuwa kutundikiwa nguo stoo. Nikamweleza fundi kwamba kikundi chetu cha kanisa kinaandaa msafara wa baiskeli kutoka Kisumu hadi Homa Bay, zaidi ya kilomita 100, kuchangisha pesa za dawa za watoto wenye selimundu. Nina miaka 49, na tangu niache shule sijaendesha baiskeli mbali kuliko dukani.

"Na nani anakufundisha, nyathina?"

Nikatoa simu nikamwonyesha ratiba ya wiki 12, iliyotungwa na mtu ambaye, kwa picha zake, anaishi kwenye theluji. Mzee akaisoma kwa adabu mpaka mwisho. Akanirudishia simu, akachukua spana.

Nimekuwa nikifikiria ile spana tangu siku hiyo. Mji huu ulibebwa na baiskeli. Jina boda boda lilizaliwa kule Busia, kwa vijana waliovusha watu na mizigo mpakani kwenye keria, na hapa Kisumu mto mdogo uliofungwa juu ya keria ndio uliokuwa teksi yetu. Mwaka 2008 serikali ikaondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, apiko zikatufunika. Lakini fika Kibuye alfajiri uone kama ndiga zimekwisha. Utakuta magunia ya mkaa, kreti za soda, mitungi ya maziwa, omena, yote juu ya Black Mamba zisizo na gia hata moja, breki zake za vyuma zikilia. Wanaoziendesha hawajawahi kuiita kazi hiyo mazoezi. Basi sisi tukitaka kwenda mbali kwa baiskeli, maarifa tunayasaka kwenye simu, halafu wao tunawaomba wasimame kando ya barabara watupigie makofi.

Kwanza mzee alinipandishia siti. Nikanyage pedeli kwa kisigino, mguu unyooke kabisa. Basi nikikanyaga kwa wayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Dakika tano, spana moja, na maumivu ya goti niliyokuwa nayasingizia umri yakaisha. Kisha akanivua mkoba mgongoni akauweka kwenye keria. "Mgongo wako si keria." Tairi alizitoa zote mbili, zilikuwa na nyufa. Akanikalisha kwenye kibao nizibe pancha mwenyewe, solusheni ikinigandia vidoleni, mara nne, hadi aliporidhika kwamba nikikwama Pap Onditi sitaketi kando ya barabara nikisubiri mwanamume.

Ila somo kubwa lilikuwa upepo. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, kwa hiyo asubuhi upepo hutoka bara ukaenda ziwani. Jua likipanda, uwanda wa Kano ukaanza kuchemka, upepo hugeuka. Mchana kutwa unatoka ziwani kuja kwetu. Sasa tazama njia yetu: Kisumu, Ahero, Katito, kisha unakata magharibi kuelekea Kendu Bay, uso kwa uso na huo wa mchana. Wavuvi wameutumia upepo huu kwa vizazi, alfajiri kutoka na mchana kurudi. Kamati yetu ilikuwa imepanga tuondoke saa tatu, baada ya hotuba. Mzee alicheka hadi akaweka spana chini. Anasema tuondoke saa kumi na moja na nusu, na ifikapo saa nne tuwe tunainusa Kendu Bay. Wenye hotuba wazitoe Homa Bay, tukiwa tumelala chini na hatuwezi kuwakimbia.

Kwa milima nimekuwa nikienda Maseno. Kutoka usawa wa ziwa pale Kisian unapanda zaidi ya mita 300 hadi kwenye mstari wa ikweta. Jumamosi ya kwanza niliishia Ojola, nikamwambia mama muuza ndizi kwamba nilikuja kwake makusudi. Ya tano nilifika. Mlima wa Riat nimeujaribu mara moja tu, na kilichonitisha ni kushuka, lori likinipumulia kisogoni na vidole vimekufa ganzi kwenye breki.

Kuhusu chakula sina mengi. Kuna vipakiti vya sukari ya kunyonya, kimoja kinauzwa bei ya mlo mzima. Nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, usiku uliotangulia, ndizi mbili kila saa, na chupa ya maji yenye ndimu, sukari na chumvi kidogo vimenitosha.

Maji, hata hivyo, yana habari yake. Selimundu imejaa kwetu kwa sababu ya mbu: aliyerithi jeni yake kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali, kwa hiyo imedumu kwenye damu ya watu wa ziwa. Anayerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeumwa, na kwake kiu si jambo dogo. Mwili ukikaukiwa, chembe nyekundu zilizopinda kama mundu hushikana na kuziba mishipa, maumivu yakaanza. Jumamosi ya tatu chupa yangu iliisha nikiwa sijafika Ahero, kichwa kikaniuma, nikanung'unika njia nzima. Mimi nilikunywa maji kwenye kibanda, nikapona.

Watu wa mbali wametutangulia katika mambo haya. Shirika la World Bicycle Relief la Chicago, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, hupata sehemu ya pesa zake kwa watu wa Ulaya na Marekani wanaoendesha baiskeli masafa marefu kwa michango ya jamaa na marafiki. Baiskeli zake za Buffalo, zenye keria ya kubeba kilo 100, zimekuwa zikiunganishwa hapa hapa Kisumu. Kwa hiyo jasho la mtu wa Chicago limekuwa likishuka kwetu miaka mingi, nasi tumekuwa mahali pa kupokelea. Nafurahi kwamba safari hii jasho ni letu. Harambee tunazijua, tofauti ni kwamba mara hii mchangishaji anaumia makalio.

Ninachokataa ni bajeti. Kamati imetenga pesa za jezi zinazofanana, za mpiga picha wa droni, na za hema la wageni mashuhuri. Kwa hesabu yangu ya vidole, theluthi ya michango itaishia hapo kabla mtoto mmoja hajapata kidonge. Hakuna senti iliyotengwa kwa fundi. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba mafundi "watajitolea, ni kazi ya Mungu". Mpiga picha hakuombwa kujitolea.

Karibu na Kendu Bay tutapita Simbi Nyaima, ziwa dogo la kijani ambalo wazee husema lilikuwa kijiji. Bibi kizee alifika usiku kwenye karamu, wakamnyima chakula, na kabla ya asubuhi maji yakawafunika. Nimependekeza tupumzikie hapo, kamati nzima.

Mzee wa Kibuye ametoa mchango wake, shilingi 200, na jina lake limeandikwa kwenye kadi yangu kwa kalamu iliyopakwa grisi. Yuko tayari kutusubiri Katito na sanduku lake la vifaa, mradi alipwe ujira wa siku atakayofunga kibanda. Kamati inasema bado inajadili. Mimi nimeshamwambia saa.