Ujuzi Usafiri, Mgonjwa Abaki

Je, umewahi kuandikiwa barua ya kwenda hospitali kuu ukakosa nauli?

Huko New Mexico, Marekani, wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walingoja hadi miezi 8 kumwona daktari bingwa. Mwaka wa 2003, Dkt Sanjeev Arora alianza kukutana kila wiki, kwa njia ya video, na madaktari na wauguzi wa mashinani kujadili wagonjwa wao. Utafiti wa 2011 ulionyesha kuwa takriban asilimia 58 ya waliotibiwa mashinani walipona, sawa na waliotibiwa na mabingwa chuoni.

Basi daktari wako akisema, "Ngoja niwaulize wenzangu," usimdharau. Kuuliza si ujinga.