MZEE ALIYEVUNJIKA NYONGA ASIACHWE NA MAUMIVU

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya wazee wetu wanaoanguka bafuni, kizingitini au shambani penye utelezi. Mzee anashindwa kusimama, mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwenziwe, na unyayo umegeukia nje. Hapo mara nyingi amevunjika mfupa wa paja karibu na nyonga. Hayo wengi wanayafahamu. Lisilofahamika sana ni lile linalofuata wodini siku ya pili au ya tatu. Bibi aliyekuwa na akili timamu anaanza kuweweseka. Anamwita marehemu mumewe, anang'oa mpira wa dripu, hamtambui binti yake. Pengine analala kimya tu mchana kutwa na haitikii vizuri.

Wapo ndugu wasemao ni uzee. Wengine hunong'ona kuwa amerogwa au ana pepo. Sisi twasema, kwanza muulizeni muuguzi ni lini mgonjwa alipewa dawa ya maumivu mara ya mwisho. (Kumwita padre ni vema, lakini swali hilo lisingoje.)

Kuweweseka huku si wazimu, wala si ile hali ya kusahau ijayo polepole kwa miaka. Huja ghafla, hupanda na kushuka, huzidi usiku, na mara nyingi huweza kuzuilika. Visababishi ni vingi: upungufu wa maji mwilini, homa ya mapafu, mkojo uliozuilika, kukosa choo, kukosa usingizi. Lakini maumivu ndiyo yanayosahauliwa. Mwaka 2003 madaktari wa New York walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 541 waliovunjika nyonga. Wale waliokuwa na akili timamu, lakini maumivu yao hayakutulizwa vya kutosha, walikuwa katika hatari ya kuweweseka mara tisa zaidi kuliko waliotulizwa. Tena waliopewa dawa kidogo mno za jamii ya mofini ndio walioweweseka zaidi, kinyume cha hofu ya wengi. Isipokuwa pethidini: hiyo huongeza kuweweseka, na kwa maoni yetu mzee asipewe.

Tatizo letu jingine ni adabu. Wazee wetu wamelelewa kuvumilia. Ukimwuliza, "Babu, unaumwa?" atakujibu, "Sijambo, namshukuru Mungu," huku ameuma meno. Kwa hiyo dawa isingoje malalamiko. Parasetamoli itolewe kwa saa, mchana na usiku, kwa kipimo alichopanga daktari kulingana na uzito wa mgonjwa. Isipotosha, mofini iongezwe kidogo kidogo, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Penye mtaalamu, sindano ya ganzi kinenani hutuliza kwa saa nyingi. Na mtazameni usoni wakati anapogeuzwa, maana akilala bila kutikisika hamtajua lolote.

Wapo waamini wanaodhani kutuliza maumivu ni kukwepa msalaba. Papa Pius XII alikwisha kulijibu hilo mwaka 1957 mbele ya madaktari wa ganzi, akakubali dawa hizo zitumike.

Twasikitika kwamba mzee akipiga kelele usiku bado huweza kudungwa diazepamu ili wengine walale. Hunyamaza kweli, ila akili huzidi kuvurugika. Sindano za diklofenaki nazo si za kuchezea, kwani huharibu figo na tumbo la mzee.

Dawa kubwa kuliko zote ni kuutengeneza mfupa mapema. Nchi zenye uwezo hulenga siku moja au mbili. Kwetu wengi hulala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa vizito, mara nyingi kwa sababu fedha hazijapatikana. Hapa tuseme wazi: kwa mazishi tunachangishana siku ile ile, ila kwa upasuaji wa bibi tunaitisha kikao wiki ya tatu. Katika nchi zilizopima, karibu robo ya wazee wa namna hii hufariki kabla ya mwaka kwisha.

Ninyi mnaouguza, mleteeni miwani yake na meno yake ya bandia. Mpeni maji ya kunywa mara kwa mara. Mwambieni ni siku gani na yuko wapi, wala msibishane naye. Mchana akalishwe mara daktari anaporuhusu, usiku aachwe alale.

Hapo ndipo tunapogongana na taratibu za hospitali, zikiwemo za mashirika yetu ya dini. Jioni kengele inapigwa, ndugu wote wanatolewa, na mzee anabaki gizani kati ya watu asiowajua, saa zile zile ambazo kuweweseka huzidi. Muuguzi mmoja wa zamu mwenye wodi nzima hawezi kukaa naye. Binti yake anaweza. Twawaomba matroni waruhusu ndugu mmoja abaki na mgonjwa wa nyonga, angalau kwa siku tano za kwanza.