MAMBO YA UFUNDI: Kotapini na Gololi za Baisikeli Kuukuu

Asubuhi na mapema mchuuzi wa madafu atokaye Kisauni huvuka Daraja la Nyali, akaingia kisiwani Mombasa na kushika njia ya Tononoka. Nyuma ya baisikeli yake amefunga mzigo ambao mtu asiye na mazoea hawezi hata kuusimamisha. Kila akanyagapo pedeli, nguvu zote za miguu yake hupitia katika pini mbili za chuma, ambazo kila moja haizidi unene wa kidole kidogo cha mkono. Mojawapo ikiachia katikati ya daraja, madafu humwagika njiani, na posho ya watoto humwagika pamoja nayo.

Pini hizo ndizo kotapini. Chini ya fremu, mahali mabomba makubwa yakutanapo, pana bomba fupi lililolala. Ndani yake mna ekseli izungukayo juu ya gololi, na kila mwisho wa ekseli umevikwa mkono wa pedeli, ambao mafundi huuita kranki. Ekseli imechongwa bapa upande mmoja. Kotapini nayo imechongwa bapa kwa mshazari, mfano wa kabari. Ubapa hulalia ubapa, na kwa hiyo kranki haiwezi kuzunguka peke yake. Ndivyo zilivyoundwa baisikeli nzito za Kiingereza kama Raleigh, na za Kihindi zilizofuata mfano huo, kama Hero za Ludhiana, ambazo zilianza kuundwa mwaka 1956. Kiwanda cha Raleigh mjini Nottingham kiliacha kuunda baisikeli mwaka 2002, lakini zile zilizokwisha kutoka zaweza kuishi miaka mingi bado, kama zitatunzwa.

Mji wa pwani ni adui wa chuma. Hewa ya bahari ina chumvi, na wakati wa masika maji ya mvua huteremka kwa ndani kupitia bomba la kiti, yakatua papo hapo penye gololi. Mwenye baisikeli hung'arisha rimu na kengele kila Ijumaa, na huku grisi iliyofichika imekwisha kugeuka tope.

Kabla ya kufungua chochote yapasa kujua ugonjwa uko wapi. Mwenye baisikeli na ashike kranki zote mbili, azitikise kuelekea fremu na kurudi. Zikicheza zote mbili kwa pamoja, kasoro i katika gololi na vikombe vyake. Ikicheza moja tu, na mguu ukisikia pedeli ikiruka mara moja katika kila mzunguko, basi kotapini ya upande ule imelegea. Asiendelee kuipanda, kwa sababu pini iliyolegea huila ekseli na kranki pia, na hasara ya pini moja huwa hasara ya vyuma vitatu.

Makosa makubwa hutendeka wakati wa kuitoa. Kijana mwenye haraka huilaza baisikeli, akagonga pini kwa nyundo mara ishirini, nayo haitoki. Asilolijua ni kwamba kila pigo hupita katika ekseli likazipiga gololi, nazo huchimba vishimo katika vikombe. Alikuja kutengeneza kimoja, akaharibu viwili.

Njia iliyo bora ni hii. Jana yake pini itiwe mafuta mepesi, yaingie usiku kucha. Asubuhi nati ilegezwe mpaka ilingane na ncha ya pini, isitolewe kabisa, ili uzi usipondeke. Kisha kranki igeuzwe nati ielekee juu, na chini yake lisimamishwe bomba la chuma lililokatwa kwa urefu unaotosha, mdomo wake ukiwa mpana kuliko kichwa cha pini. Bomba lisimame juu ya sakafu ya saruji au jiwe, na kranki iliegemee barabara. Sasa pigo huishia ardhini, wala si katika gololi. Pigo moja zito lililonyooka lafaa kuliko mapigo kumi ya woga.

Kranki zikisha kutoka, kazi huendelea upande wa kushoto, usio na mnyororo. Pete ya kukazia hufunguliwa kwanza, kisha kikombe. Chini patandazwe kitambaa, maana gololi zina desturi ya kukimbia. Baisikeli nyingi za namna hii zina gololi 22 za robo inchi, 11 kila upande. Zihesabiwe. Vyote vioshwe kwa mafuta ya taa na kukaushwa. Njia ya gololi ikionekana laini na yenye kung'aa, chuma ni kizima. Ikiwa na vishimo, kipuri hicho kibadilishwe. Gololi zenyewe zibadilishwe zote kwa pamoja, kwa kuwa mpya hazipatani na za zamani.

Kikombe cha upande wa mnyororo kina uzi wa kinyume: hulegea kwa kufuata mwendo wa saa. Wengi wameking'ang'ania kwa spana wakidhani wanalegeza, kumbe wanakaza. Kikiwa kizima, na kiachwe mahali pake, kisafishwe papo hapo. Kikihitaji kubadilishwa, cha zamani kichukuliwe dukani kulinganishwa, kwa maana Raleigh nyingi za kale zina nyuzi 26 katika inchi, na baisikeli nyingine nyingi za Kiingereza zina 24.

Wakati wa kurudisha, vikombe vijazwe grisi mpya, na gololi zibandikwe ndani yake. Mwisho mrefu wa ekseli hukaa upande wa mnyororo. Kikombe cha kushoto kikazwe mpaka ekseli iache kucheza, lakini izunguke bila kukwaruza. Nacho kishikiliwe kisigeuke pete ikikazwa.

Kotapini mpya zipimwe kwanza, kwani ziko za milimita 9 na za 9.5. Ziingizwe kwa kuelekeana kinyume: kranki zikilala sawa na ardhi, nati moja itazame juu na ya pili chini, zisipowekwa hivyo, kranki hazitanyooka. Pini hukazwa kwa nyundo, na bomba likiwa chini yake tena, ndipo nati ifuate. Anayeivuta kwa nati peke yake hukata uzi. Baada ya safari ya siku ya kwanza zikazwe tena, maana huwa zimelala kidogo.

Kazi hii yote haizidi nusu siku, na kotapini ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa. Hata asiyependa kuchafua mikono yake na asimame kando ya fundi atazame kama lile bomba la kuegemea lipo. Fundi anayelitumia huthamini mali ya mwenziwe. Asiyelitumia, hata akiwa na bei nafuu, mwenye baisikeli atamlipa tena siku nyingine, naye mchuuzi wa madafu hana siku ya kupoteza.