Acheni Kusema Meno ya Utoto Yatang'oka Yenyewe

"Ya nini kupoteza hela? Si meno ya utoto tu hayo, yatang'oka yenyewe." Kauli hii utaisikia kwa bibi, kwa jirani, hata kwa baba msomi mwenye bima mfukoni. Inaumiza watoto wetu, na ndiyo inayozaa ule woga tunaowalaumia wakifika kwa daktari wa meno.

Meno ya utoto ni 20. Ya mbele huanza kung'oka mtoto akifika miaka 6 hivi, na hapo ndipo wazazi wengi wanapokomea kuhesabu. Magego ya utoto hukaa mdomoni mpaka miaka 10, mengine mpaka 12. Gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka 4 lina miaka mingi mbele yake ya kumnyima usingizi, kumfanya atafunie upande mmoja na asinzie darasani. Likioza mpaka mzizini, usaha hukaa jirani na jino la ukubwani linalojijenga chini yake, na unaweza kuliharibu kabla halijachomoza. Likitolewa mapema mno, meno ya pembeni husogea yakaziba nafasi. Tena, karibu na miaka 6 huota gego la kwanza la ukubwani, nyuma kabisa ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha. Mzazi hulikuta limetoboka akadhani nalo ni la utoto, akaliacha. Hilo halina mbadala.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2022, lilikadiria kuwa watoto wapatao milioni 514 wana meno ya utoto yaliyooza.

Sasa tazama mtoto aliyeachwa mpaka shavu likavimba. Anafika hospitali hajalala, mama naye macho mekundu. Siku ya kwanza kukiona kile kiti ndiyo siku ya maumivu makali kuliko zote alizowahi kuzijua. Penye usaha ganzi hushika kwa shida. Watu wazima wanamkamata mikono na miguu, koleo linaingia. Na alikuwa amekwisha kutishwa nyumbani: "Usipokula nakupeleka kwa daktari akuchome sindano!" Kwenye benchi akadanganywa: "Haiumi hata kidogo, mwanangu." Anapoumia, anajifunza kwamba daktari si wa kuaminiwa, na mama pia. Kisha tunarudi nyumbani tukisema mtoto huyu mwoga. Hakuzaliwa na woga huo. Tumempa sisi.

Mtoto apelekwe kabla hajaumwa. Ushauri wa wataalamu ni aonwe mara ya kwanza kabla hajatimiza mwaka mmoja. Mdogo namna hiyo hahitaji hata kile kiti. Mama na daktari hukaa wakitazamana, magoti yakigusana. Mtoto hupakatwa akimwelekea mama, kisha hulazwa taratibu mpaka kichwa kitulie mapajani mwa daktari. Anauona uso wa mama yake muda wote. Akilia, mdomo uko wazi, daktari anaangalia na kumaliza kwa muda mfupi. Aliye mkubwa kidogo huelezwa kwanza, akaonyeshwa kioo kikiguswa kwenye ukucha wake, ndipo kikaingia mdomoni. Nyumbani yatosha kumwambia, "Daktari atahesabu meno yako." Kama kuna sindano, usimwapie kwamba haipo. Mwachie daktari amweleze kwa lugha ya watoto.

Na anayeamini kwamba kuziba jino lazima kuwe na mashine ya kelele ajue kuwa katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, ilianza njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono peke yake. Uozo hukwanguliwa, tundu likajazwa saruji inayoshikamana na jino na kutoa floraidi. Mara nyingi hata sindano haihitajiki. Njia hiyo imeenea duniani, nasi huku ilikozaliwa tungali tunasubiri koleo. Inaniuma sana.

Sikatai kwamba wataalamu ni wachache, wengi wako mijini, na nauli ni mzigo. Lakini kliniki ya watoto tunakwenda sote. Mtoto anapopelekwa kuchanjwa surua akiwa na miezi 9, kwa kawaida ameshaota meno ya mbele. Wizara iwaagize wauguzi wanaompima uzito wamwinue na mdomo wa juu. Ni kazi isiyohitaji hata kifaa kimoja. Nawe mzazi usingoje waraka. Mwinue mdomo mwenyewe leo jioni, kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe yamejipanga kando ya ufizi, huo ndio mwanzo wa kuoza, na bado unaweza kuzuilika. Mpeleke wiki hiihii, kabla hajajua jino kuuma ni nini.