Kizimba Si Kimbilio

Ukiniambia unafuga kuku, sitakuuliza kibali. Ukiniambia unafuga simba nyuma ya nyumba, kisha uniambie hiyo ni hifadhi, hapo lazima tuulizane.

Nina sababu. Tarehe 18 Oktoba 2011, karibu na mji wa Zanesville, jimbo la Ohio huko Marekani, Terry Thompson alifungua vizimba vya wengi wa wanyama wake 56, kisha akajiua. Usiku ulikuwa unaingia na majirani wako karibu. Polisi wakapiga risasi. Chui milia 18 wakafa, na simba 17. Simba hao hawakuomba kwenda Ohio.

Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria: mnyama hatari asajiliwe, mwenyewe awe na kibali na bima, na chipu ya utambulisho iwekwe chini ya ngozi ya mnyama. Basi baadhi ya wafugaji wakakimbilia mahakamani. Ati kuweka chipu ni kunyang'anywa mali. Ati kwa vile wanachama wa vyama viwili vya bustani za wanyama hawahitaji kibali, wao wanalazimishwa kujiunga na watu wasiopatana nao. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawakatalia. Hakuna aliyelazimishwa kujiunga na yeyote; asiyetaka chama aombe kibali.

Hebu tazama mzozo wenyewe. Mali ya nani, uhuru wa nani, gharama ya nani: yote ni ya mwenye kizimba. Aliye ndani ya kizimba hakuulizwa chochote.

Najua nitajibiwa kwamba wengine wanawapenda wanyama wao kwelikweli, tena wamewaokoa kutoka kwa watu wabaya zaidi. Sikatai, wapo. Lakini mapenzi kila mtu anaweza kudai. Mimi nauliza maswali matatu tu. Unawazalisha? Unawauza? Unawatoa watoto wao wabebwe na wageni wapigwe picha kwa pesa? Hifadhi ya kweli hujibu hapana, hapana, hapana. Hata sheria ya Marekani ya Desemba 2022 kuhusu simba, chui na jamaa zao inazibana hifadhi papo hapo: zisizalishe, zisiuze, wageni wasiwaguse. Mwenye nia safi anapoteza nini hapo? Anayelia ni mwenye duka.

Na msidhani nawakataa wanyama wageni. Sokwe si mnyama wa msitu wowote wa Kenya, lakini tangu 1993 wanatunzwa Sweetwaters, ndani ya Ol Pejeta, Laikipia. Wa kwanza waliletwa kutoka Burundi wakati wa vita. Hawakuletwa wazaliane wauzwe. Waliletwa kwa sababu walikokuwa hapakukalika. Hilo ndilo kimbilio: mnyama akifika pale, biashara yake imekwisha.

Kwa hivyo mwenye hifadhi akiburutwa kortini, tusikimbilie kumwonea huruma kwa sababu ya bango zuri langoni au video ya simba akinyonya chupa. Aonyeshe vitabu vyake: wanyama wangapi waliingia, wangapi walizaliwa, wangapi walitoka, na nani alilipwa. Kama ni hifadhi, vitabu vitamtetea kuliko wakili yeyote.