Uzamili wa Ugavi Usioijua Tunduma

Ingia maktaba ya chuo chochote chetu kinachotoa shahada ya uzamili ya ununuzi na ugavi, uvute tasnifu kumi rafuni. Nyingi zitaanza na "Athari za", zitamalizia na "Mfano wa Halmashauri ya Wilaya", na katikati utakuta dodoso lililogawiwa ofisi mbili tatu, likapitishwa kwenye programu ya takwimu ya SPSS, likazaa hitimisho ambalo karani wa stoo angekupa bure: mafunzo yaongezwe, TEHAMA itumike, menejimenti itoe ushirikiano.

Huo si utafiti wa ugavi. Ni ukaguzi wa mafaili ya zabuni uliovishwa joho!

Darasani wanafunzi wanahadithiwa Toyota. Wanacheza mchezo wa bia, ule wa kuigiza mnyororo wa ugavi, uliobuniwa chuo cha MIT cha Marekani. Wanaweza kukueleza jinsi meli ya Ever Given ilivyoziba mfereji wa Suez kwa siku sita Machi 2021. Vizuri, wajue. Lakini waulize kwa nini malori yanapanga foleni Tunduma, mpakani na Zambia, watakutazama tu. Tangu 2019 Tunduma na Nakonde ya upande wa pili zina kituo cha huduma kwa pamoja, kilichojengwa ili gari lisikaguliwe mara mbili. Mbona foleni zimekuwa zikirudi? Nyaraka zinachelewa? Mtandao wa forodha unakatika? Au malori yanafika kwa mkupuo kupita uwezo wa maegesho? Swali hilo lina shaba ya Kongo na Zambia ndani yake, lina mafuta, lina mbolea, lina riziki ya dereva anayelala chini ya tela. Nalo linajibika kwa saa, daftari na uvumilivu.

Wahadhiri watanijibu kwamba kampuni zinaficha takwimu na fedha za utafiti hakuna. Visingizio! Nani anamzuia mwanafunzi kukaa karibu na mizani ya Vigwaza akahesabu malori na muda yanaosubiri? Wakala wa forodha anajua kwa kichwa kontena linakwama meza gani na tozo ya ucheleweshaji inaanza lini. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza.

Wakati sisi tunagawa madodoso, wenzetu wanafanya kazi. Mwaka 2023 DP World ya Dubai ilipewa gati 4 hadi 7 za bandari ya Dar es Salaam kwa miaka 30. Mwaka uliofuata Adani ya India ikasaini miaka 30 kuendesha kituo cha pili cha makontena. Uwe uliunga mkono au ulipinga, piga hesabu: mwanafunzi wa uzamili mwenye miaka 28 leo atakuwa mtu mzima wa kukaribia kustaafu mikataba hiyo ikifika ukingoni. Tukimlea kwa dodoso, nani atakaa mezani siku hiyo akijua kila saa ya meli gatini inagharimu nini na faida inaangukia mfuko wa nani?

Basi sharti liwe moja: asihitimu mtu ambaye hajafuatilia shehena moja mwanzo hadi mwisho. Korosho kutoka ghala la Tandahimba hadi melini Mtwara, au kontena kutoka Kurasini, Dar es Salaam, hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Aandike kila kituo, kila muhuri, kila shilingi iliyolipwa na kila saa iliyopotea. Chuo kitakachoona sharti hilo ni zito kiache kuuza shahada hiyo, kirudishe na ada.